Upinde wa Mti: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wengi huamini kwamba upinde hutengenezwa kwa kukunja ufito mbichi na kuufunga kamba mpaka ukauke katika umbo hilo. Huo ni upinde wa kuchezea watoto. Mti mbichi hupindika kwa urahisi lakini haurudi ulivyokuwa. Ukivutwa mara kadhaa hulegea, na mshale huanguka hatua chache mbele. Mti wa upinde hukaushwa taratibu kivulini, ncha zake zikiwa zimepakwa nta au rangi ili usipasuke, kisha huchongwa ukiwa umenyooka. Kinachoupinda ni upote, yaani kamba ya upinde, na nguvu ya mshale hutokana na mti kutaka kunyooka tena.

Dhana inayoharibu miti mingi zaidi ni ile isemayo kwamba upinde mnene ndio imara. Upinde unapovutwa, mgongo wake, yaani upande unaoelekea shabaha, hunyooshwa, na tumbo linalomwelekea mpigaji hubanwa. Kadiri mti unavyozidi unene, ndivyo pande hizo mbili zinavyoteseka zaidi kwa mkunjo uleule. Aidha, ugumu hubadilika haraka kuliko unene: sehemu ikipunguzwa unene kwa asilimia 10 tu, ugumu wake hupungua kwa takriban asilimia 27. Kwa sababu hiyo fundi huweka shoka chini mapema, akaendelea kwa tupa, kisu au kipande cha chupa, na kila baada ya kukwangua kidogo huvuta upinde nusunusu mara ishirini au thelathini ili mti uonyeshe badiliko. Sehemu iliyobaki ngumu huiwekea alama ya penseli na kuikwangua; inayokunja kupita kiasi haiguswi tena. Upinde wangu wa kwanza ulivunjikia mahali nilipokuwa nimekwishaona panakunja mno, nami nikaendelea kupakwangua kwa kuwa kwa macho palionekana panene.

Wapo pia wanaosawazisha pande zote mbili ili kazi ipendeze. Kinachopunguzwa ni tumbo na ubavu. Nyuzi za mgongo zikikatwa, kibanzi huinuka hapo na mpasuko huanzia hapo, na ndiyo sababu penye fundo huachwa mti zaidi, hata kama utaonekana na kinundu.

Kuhusu aina ya mti, sifa za mti wa Ulaya uitwao Taxus baccata (kwa Kiingereza yew), uliotengenezewa pinde zilizokutwa katika meli ya Kiingereza Mary Rose iliyozama mwaka 1545, ni za haki, ila si mti pekee ufaao. Pinde za kale za Holmegaard, nchini Denmark, ni za mti wa jamii ya Ulmus (kwa Kiingereza elm), na katika Afrika Mashariki mkole hutumika. Wala upote si lazima uwe wa dukani: Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi husokota wa kano za wanyama.

Anayedai kwamba kazi hii haiwezekani bila karakana na amtazame mtu wa kale aliyekutwa katika barafu ya milima ya Alpi mwaka 1991, aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Alikuwa na shoka la shaba na upinde wa mita 1.82 ambao haujamalizika, na alama za kuchongwa zingali zinaonekana juu yake hadi leo.