Kutanua matairi ya trekta: maana yake kwenye mteremko

Kutanua matairi ni kuongeza umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia kwenye ekseli moja. Kipimo huchukuliwa kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya jingine, si ukingo kwa ukingo. Trekta lililofungwa sm 142 hufanya kazi vizuri tambarare. Lipeleke hivyo hivyo kwenye miteremko ya Karatu au Mau Narok, na litakuwa karibu zaidi na kupinduka kuliko dereva anavyohisi akiwa kitini.

Trekta hupinduka pale mstari wa wima kutoka kitovu cha uzito wake (pale uzito wote unapokuwa kama umekusanyika) unapoangukia nje ya eneo linalokanyaga. Wengi hudhani eneo hilo ni mstatili wenye tairi kila kona. Sivyo. Ekseli ya mbele imeshikwa na pini moja katikati ili ibembee kufuata mashimo, kwa hiyo trekta husimama juu ya pembetatu: matairi mawili ya nyuma na ile pini. Ekseli ya mbele haizuii chochote mpaka igonge kizuizi chake, na hapo mara nyingi mwili wa trekta umeshaanza kwenda. Ndiyo maana kutanua mbele peke yake ni kazi bure.

Chukua trekta ambalo kitovu chake kiko sm 75 juu ya ardhi, na kiko mbele ya ekseli ya nyuma kwa asilimia 30 ya urefu kati ya ekseli mbili. Likiwa na sm 142 nyuma, hufika ukingoni mwa kupinduka kwenye mteremko wa nyuzi 33 hivi. Likiwa na sm 183, nyuzi 40. Hiyo ni hesabu ya trekta lililosimama. Sasa tairi la chini liingie kwenye shimo la sm 15 na la juu lipande tuta la sm 15: lile jembamba huongezewa nyuzi 12 papo hapo, lile pana 9. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, jembamba limefika 32 kati ya 33 zake, na bado hujahesabu mwendo, kona, wala jembe lililoinuliwa juu.

Gurudumu la nyuma la matrekta mengi lina vipande viwili: rimu yenye masikio kwa ndani, na sahani iliyobonyea inayofungwa kwenye habu, yaani sehemu ya kati inayozungusha gurudumu. Kwa kuigeuza sahani, kubadilisha upande wa masikio inakofungwa, na kuhamisha magurudumu kushoto kwenda kulia, unapata vipimo vinane, kwa kawaida inchi 48 hadi 76 kwa hatua ya inchi 4, yaani kama sm 10. Gurudumu lililochomelewa kipande kimoja lina vipimo viwili tu.

Fanya kazi kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Weka gia, vuta breki ya mkono, zuia matairi ya mbele kwa vigingi. Kisha gongomea kabari za mbao kati ya ekseli ya mbele na mwili wa trekta, pande zote mbili. Hatua hii ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo inayoangusha matrekta kwenye jeki, kwa sababu ukiinua nyuma ile pini huruhusu mwili ulale. Legeza nati nusu mzunguko tairi likiwa bado chini, inua upande mmoja, weka stendi chini ya ekseli. Usitegemee jeki. Tairi lenye maji ndani lisishikwe na mtu mmoja. Lina mamia ya kilo.

Ukirudisha, ncha ya V ya meno, ukiangalia tairi kutoka nyuma ya trekta, ielekee juu. Kama imeelekea chini, magurudumu yamebadilishana pande. Kaza nati kwa kukingamanisha, si kwa kuzunguka, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta. Zikaze tena baada ya saa moja ya kazi, kisha kila siku kwa wiki ya kwanza. Nati ikilegea, sahani hucheza na matundu hupanuka kuwa umbo la yai. Sahani hiyo haifai tena.

Mbele, chomoa bolti za ekseli, vuta kila upande matundu sawa, na urefushe tairodi (fimbo inayofanya magurudumu ya mbele yapinde pamoja) kwa kiasi hicho hicho. Ukiisahau, matairi hayataelekea mbele sawasawa na yataisha upande mmoja.

Usiongeze upana kwa vipande vya chuma vya kuchomelea kwenye habu. Beringi na ekseli havikuundwa kubeba mzigo huo wa pembeni.

Plau ndiyo inayokwaza. Ukitanua hadi sm 183, tairi la kulia likiwa ndani ya mfereji, plau ndogo ya diski haifiki linapokanyaga. Huvuta trekta upande na kuacha mkanda usiolimwa. Wa kulima arudi sm 152 au karibu na hapo, ajaze maji matairi ya nyuma mpaka usawa wa valvu ikiwa juu, ili kitovu kishuke, na awe na fremu ya kinga na mkanda.