Machela ya tairi moja na mfuko wa presha: vifaa vinavyoshusha watu Kilimanjaro

Watu wakisikia natengeneza vifaa vya uokoaji mlimani swali la kwanza ni helikopta. Sawa, helikopta ipo na inasaidia sana, ila kule juu hewa ni nyepesi kwa hiyo mapanga hayabebi uzito kama huku chini, halafu wingu likishafunga hairuki, na usiku ambao ndo watu wanapanda kileleni ndo kabisaa. Mgonjwa wa saa nane usiku atashushwa na watu kwa miguu, na hao watu wenyewe wamechoka, wana baridi, na wanavuta hewa ileile nyepesi. Mimi nachora kifaa kwa ajili yao kwanza, mgonjwa anafuata.

Machela yetu ina tairi moja tu, chini katikati. Njia ya kushukia Mweka ni ngazi za mawe, ukifika msituni ni mizizi na mifereji ya maji, sasa weka tairi mbili uone, moja ipo juu ya jiwe nyingine ipo shimoni na mgonjwa anapinduka. Tairi moja inapita mstari mwembamba, watu wanashika pembeni kusawazisha, uzito wote umebebwa na tairi. Shokapu ni lazima maana mtu aliyevunjika mguu kila jiwe analisikia, na iwe ya kurekebishika, ukiifunga ngumu kwa mtu wa kilo 100 basi wa kilo 55 atarushwarushwa njia nzima. Miguu inatangulia, kichwa kinabaki upande wa juu, hasa kama ubongo umevimba.

Breki naiweka nyuma kwa sababu wa nyuma ndiye anayevutwa na mteremko, na mkono wa breki lazima uvutike kwa vidole vinne ndani ya glavu nene. Vifungio vya mikanda hivyo hivyo, viwe vikubwa, vya kubonyeza mara moja, na plastiki ya bei rahisi sitaki kuiona maana ikipata baridi kali inakatika kama biskuti. Hata grisi ya beringi chagua ya baridi, ile ya kawaida inaganda.

Sasa mfuko wa presha, huu ni wa mtu anayeugua kwa sababu ya hewa nyepesi ya juu, ambayo inaweza kuvimbisha ubongo au kujaza maji kwenye mapafu. Wazo lilitoka kwa Igor Gamow, profesa wa Chuo Kikuu cha Colorado kule Marekani, miaka ya 1980. Ni mfuko mrefu usiopitisha hewa, mgonjwa analazwa ndani, unafunga zipu, unapampu kwa mguu hadi valvu ianze kupumua kwenye psi 2 hivi (psi ni kipimo cha presha, kilekile cha kujazia tairi). Fundi wa tairi atasema psi 2 si kitu, lakini piga hesabu: ukiwa Barafu, kambi ya juu iliyo mita 4,673, presha ya hewa ni kama milimita 423 za zebaki, psi 2 ni kama milimita 103, jumlisha, unapata hewa ya mita 3,000 hivi, yaani mwili wa mgonjwa ni kama uko kambi ya Mweka huko chini wakati yeye bado kalala Barafu. Mapafu yaliyojaa maji yanapata nafuu, aliyekuwa anaongea ovyo anaanza kujibu.

Ila pampu haisimami hata presha ikishajaa! Anayepumua mle ndani anatoa hewa chafu, isipofukuzwa inamlewesha, kwa hiyo ni mikanyago 10 hadi 20 kwa dakika muda wote, mtu akichoka anapokelewa. Ndo maana nang'ang'ania pampu ya mguu yenye kanyagio pana linaloingia buti. Na kidirisha kiwe usawa wa uso, muangalie macho, muongeleshe, mwambie ameze mate masikio yakiziba.

Ubaya wake ni kwamba akitolewa nafuu haikai, saa chache tu anaweza kurudi alipokuwa. Mfuko unanunua muda wa kumfanya aweze kusogea, au kusubiri machela ifike, dawa yenyewe ni kushuka. Nachukia sana kuona kambi inamuweka mtu kwenye mfuko mpaka asubuhi huku njia iko wazi na watu wa kubeba wapo.

Kama unapanda mwaka huu, siku ya kwanza kambini waombe waongozaji wako waufungue mfuko mbele yako, wamlaze mtu mzima ndani, wafunge zipu na wapampu mpaka valvu ilie, wakiwa wamevaa glavu.