Kunyoosha njia panda hakuhitaji hazadi

Kwa miaka mingi madereva wengi Tanzania wamerithishana imani kwamba ukifika njia panda isiyo na mataa, nawe unanyoosha, uwashe hazadi, yaani indiketa za pande zote mbili kwa pamoja, ili wenzako wajue hukati kona. Nia ni njema. Ila taa hizo zina kazi nyingine: kuonya kwamba gari limesimama au limeharibika mahali pa hatari.

Ubaya wake utauona ukikaa kwenye gari la pembeni. Dereva anayesubiri kutokea kushoto kwako mara nyingi anaona kona moja tu ya gari lako. Ile nyingine imefichwa na daladala, au na boneti yako mwenyewe. Kwake hiyo ni indiketa ya kushoto. Anaamini unaingia kwake, anachomoka, nawe huyo unakuja na mwendo wako.

Anayenyoosha hawashi chochote. Anapunguza mwendo, anatii kibao cha kusimama au cha kupisha, anapita. Kwenye kipilefti, wapishe walio ndani, wanaotokea kulia kwako. Indiketa ya kushoto iwashe ukishapita njia ya kutokea iliyo kabla ya yako.