Mapitio si rufaa: Mahakama inachokiangalia Bodi ya Parole inapokataa

"Bodi imemkatalia parole, sasa tunakata rufaa Mahakama Kuu." Utaisikia kauli hii nje ya geti la gereza la Ukonga, Dar es Salaam, siku ya kutembelea wafungwa, na redioni pia. Wanaoisema wanaishia kupoteza pesa na miezi, kwa sababu njia yenyewe ni mapitio, yaani kuiomba Mahakama ikague jinsi Bodi ilivyofikia uamuzi wake.

Parole ni utaratibu wa mfungwa kumalizia sehemu ya kifungo nje ya gereza, kwa masharti na chini ya uangalizi. Unaongozwa na Sheria ya Bodi za Parole ya 1994, na moja ya vigezo ni kuwa ametumikia theluthi ya kifungo. Si msamaha wa Rais. Huo uko Ibara ya 45 ya Katiba. Dhamana ndiyo kabisa haihusiki.

Tuje kwenye kero yenyewe. Jaji wa rufaa anaweza kupima upya ushahidi na kuweka uamuzi wake mahali pa ule wa chini. Jaji wa mapitio haulizi kama mfungwa anastahili kutoka. Anauliza Bodi ilifikaje pale: ilikuwa na mamlaka? Mfungwa alipewa nafasi ya kujibu ripoti mbaya iliyoandikwa juu yake, kama Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inavyotaka asikilizwe? Kuna mjumbe mwenye maslahi? Au uamuzi umepindukia kiasi kwamba hakuna bodi makini ingeufikia?

Ndiyo maana kiapo (maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni kweli) kilichojaa "amebadilika, anasali, ana cheti cha useremala" hakifiki mbali. Hizo ni hoja za kupeleka kwa Bodi. Mahakama inataka barua ya kukataliwa, tarehe yake, na maelezo ya hatua iliyorukwa.

Na ukishinda? Uamuzi unatenguliwa, jalada linarudi Bodi. Mfungwa usiku huo analala palepale, na Bodi inaweza kukataa tena, ilimradi safari hii ifuate utaratibu.

Mapitio hayana upande. Mwaka 2018 Mahakama Kuu jijini London ilitengua uamuzi wa Bodi ya Parole ya huko wa kumwachia John Worboys, dereva teksi aliyefungwa kwa makosa ya kingono. Walioomba ni pamoja na waathirika wawili. Mahakama haikusema kwamba Worboys ni mtu hatari, kwa hiyo asitoke. Ilisema Bodi haikuchunguza vya kutosha mazingira ya makosa yake. Nako hukohuko Uingereza, katika kesi ya Osborn ya 2013, Mahakama ya Juu ilikataa hoja kwamba kumsikiliza mfungwa ana kwa ana kuna maana pale tu kunapoweza kubadili matokeo. (Hoja ya "hata angesikilizwa asingetoka" inapendwa sana na maofisa, nchi yoyote.)

Kwa hiyo, ndugu, sema "tunaomba mapitio". Kwanza unaomba kibali cha Mahakama Kuu, ndani ya miezi sita tangu uamuzi utolewe. Maombi yenyewe yanafuata baada ya kibali.