Skrachi sio stoo: kwanini tunafuta mafaili na utaratibu wa kuomba siku za ziada

Tangu tuanze kusafisha skrachi (sehemu ya diski ya kuweka data kwa muda tu wakati kazi inaendelea) ya klasta yetu (kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi pamoja) kwa utaratibu mpya, dawati la msaada limejaa tiketi ambazo kwa kweli zinafanana, mtu anaandika mmefuta data yangu ya utafiti bila kuniambia, ukifuatilia unakuta imeili za onyo alitumiwa zote na hakufungua hata moja. Hatuna sababu ya kuamini kwamba watumiaji wetu wana nia mbaya, ndo maana tumeona badala ya kujibu tiketi mojamoja tueleze hapa kwa pamoja, watafiti wa hapa nchini na wenzetu wa Kenya na Uganda tunaoshirikiana nao kwenye miradi, na wale wananchi pia wanaotuuliza kila mwaka kwanini tunaomba hela ya matengenezo wakati serva zilishanunuliwa.

Zilishanunuliwa, ndiyo. Lakini serva zinakula umeme usiku na mchana, zinataka ubaridi, diski zinakufa, leseni zinaisha muda, na programu zilizomo ndani lazima ziapdetiwe na mtu anayelipwa mshahara. Hela ya kununua mtambo ni rahisi kuipata, mfadhili anapiga picha na riboni, ya kuutunza mwaka wa nne hakuna anayeitaka.

Tuje kwenye skrachi. Faili lisilosomwa wala kuandikwa kwa siku 60 linafutwa, na likifutwa halirudi. Imeili ya kwanza inatoka siku ya 45, ya pili siku ya 55, zote zinaenda kwenye anwani uliyosajilia akaunti. Kama ulisajili anwani ya chuo ulichomaliza zamani ukaacha kuifungua, hilo ni jukumu lako, kubadilisha anwani ni kujaza ukurasa mmoja tu. Anayehitaji muda zaidi ajaze fomu ya nyongeza akiweka namba ya mradi, njia kamili ya folda kuanzia kwenye mzizi (tunapokea fomu zimeandikwa "folda yangu ya data", hiyo hatuwezi kuifanyia kazi), ukubwa wa hizo data na sababu. Fomu inasainiwa na mtafiti mkuu, sio mwanafunzi mwenzako wala wewe kwa niaba yake. Inaletwa angalau siku tano za kazi kabla ya siku ya 60, tunaijibu ndani ya siku tatu za kazi, na ikikubaliwa unapata siku 30, mara moja tu kwa folda moja. Ombi lililotumwa WhatsApp kwa fundi Jumapili usiku sio ombi.

Wapo wanaosema hawana pa kuhamishia, au mtandao ni mbovu. La mtandao tunalielewa, wote tunakumbuka tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilivyokatika baharini upande wa Afrika Kusini na intaneti ikayumba ukanda wote huu, hapa Tanzania hali ikawa mbaya kabisa. Ila wengi waliolia wakati ule walikuwa wanahamisha data kwa scp (amri ya kunakili mafaili kwa mtandao), laini ikikatika hata faili likiwa karibu kuisha unaanza upya. Tumieni rsync (amri nyingine ya kunakili) yenye --partial, ikikatika inaendelea ilipoishia, na muifanyie kwenye nodi (kompyuta moja ya klasta) ya kuhamishia data sio kwenye nodi ya kuingilia, maana ile ya kuingilia ikizidiwa hata mwenzako anayetaka kuhariri skripti (faili la amri) yake tu anashindwa kuandika herufi.

Kuna ujanja mmoja inabidi tuuseme wazi kwasababu unafundishwa kwenye magrupu. Mtu anatengeneza skripti inayopiga touch (amri ya kubadilisha tarehe ya faili) kwenye mafaili yake yote kila wiki ili tarehe zionekane mpya na kisafishaji kiyaruke. Tunaona. Kwenye kumbukumbu za mfumo faili linalotumika kweli linasomwa na jobu (kazi uliyoituma klasta iikokotoe), la ujanja linabadilika tarehe tu, tena mamilioni yanabadilika kwa mpigo saa nane usiku na kuilemea serva ya metadata (inayotunza majina na tarehe za mafaili), siku hiyo watu wote wanalalamika klasta iko slo. Adhabu yake: mara ya kwanza onyo la maandishi na nakala kwa mtafiti mkuu, mara ya pili akaunti inafungwa siku 14 na jobu zote zilizoko kwenye foleni zinaondolewa, mara ya tatu suala linapelekwa kwenye kamati ya watumiaji ambayo inaweza kupunguza mgao wa mradi mzima. Mradi mzima, kwahiyo wenzako nao wanaumia.

Mafaili madogomadogo ni hivyohivyo. Mazingira mamoja ya conda (chombo cha kusakinisha programu na maktaba zake) yanaweza kubeba mafaili makumi ya maelfu, ukiwa nayo sita kisha unashangaa umefikia kikomo wakati gigabaiti bado zipo, angalia idadi ya mafaili sio ukubwa. Yafungashe kwenye kontena (kifurushi cha programu na vyote inavyohitaji), linakuwa faili moja.

Sasa bakapu, yaani nakala ya akiba. Sijui hii imani ilianzia wapi kwamba kitu kikishakuwa kwenye serva kubwa basi kina nakala mahali. Skrachi haina bakapu, haijawahi kuwa nayo, na fomu uliyosaini ulipopewa akaunti imeandikwa hivyo. RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) nayo sio bakapu, inakuokoa diski ikifa, ukifuta faili inafuta kwa utiifu kwenye diski zote. Na hata penye bakapu ajali ipo. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto kule Japani kilipoteza data kama terabaiti 77, mafaili kama milioni 34 ya vikundi 14 vya utafiti, na kilichoyafuta ni skripti ya bakapu yenyewe. Kampuni iliyouza mtambo ilibadilisha skripti ikiwa bado inafanya kazi. Bash (programu inayotekeleza skripti) inasoma skripti kidogokidogo huku inaitekeleza, ikaendelea katikati ya toleo jipya bila kupitia mistari ya juu, kigezo cha kutaja folda kikawa kitupu, na amri ya kufuta kumbukumbu za zamani ikafuta data za watu. Vikundi vinne havikurudishiwa chochote. Hao ni Kyoto, wenye hela na wataalamu. Data ghafi na skripti zenu ziwe na nakala nje ya klasta, skripti zikae kwenye git (mfumo wa kutunza matoleo ya kodi), matokeo ya kati yanaweza kutengenezwa tena.

Malalamiko mengine ni ya mfumo endeshi na hapa tunalaumiwa pande zote mbili. Tulipochelewa kutoka CentOS 7 (aina ya Linux) tukaambiwa tuko nyuma, tulipohama tukaambiwa tumeua programu za watu. CentOS 7 ilitoka 2014, msaada wake ukaisha tarehe 30 Juni 2024, baada ya hapo hakuna viraka vya bure vya usalama. Na hata kabla ya hapo, mwanzoni mwa 2024, VS Code (programu ya kuandikia kodi) toleo la 1.86 liligoma kuunganishwa kwa mbali na mashine zenye glibc (maktaba ya msingi ya mfumo) ya zamani ya 2.17, ile ya CentOS 7, asubuhi moja watu wakaamka wakadhani sisi ndo tumewafungia, kumbe ni laptopu zao zilijiapdeti zenyewe usiku. Kwa upande wa pili anayedai tuweke kila toleo jipya siku linapotoka akumbuke Machi 2024, mlango wa siri ulikutwa ndani ya xz (programu ya kubana mafaili) 5.6.0 na 5.6.1, akaushtukia mhandisi mmoja, Andres Freund, kwasababu kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye serva kwa mbali) kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Mifumo inayoapdetiwa taratibu kama yetu haikuwa imelifikia toleo hilo. Kwahiyo viraka vya usalama tunaweka haraka, matoleo mapya yanasubiri majaribio, na kumpigia simu mkurugenzi hakubadilishi ratiba.

Akaunti ni ya mtu mmoja. Kumpa mwanafunzi wako paswedi "amalizie tu" ni kosa, hata kama ni mwanafunzi mzuri. Mei 2020 kompyuta kubwa kadhaa za utafiti Ulaya zilifungwa, ikiwemo ARCHER ya Edinburgh, kwasababu wavamizi waliingia kwa akaunti halali za watafiti zilizoibwa kwenye vyuo vingine wakahama mtambo hadi mtambo, na kwenye baadhi ya mitambo wakaweka programu za kuchimba sarafu za mtandaoni. Watumiaji wote wa ARCHER walilazimika kubadili paswedi na funguo za SSH. Ufunguo usio na nenosiri ukikutwa kwenye folda yako tunaufuta, na akaunti inabaki imefungwa mpaka ulete maelezo.

Wenye data za binadamu, jinomu au rekodi za wagonjwa, msituambie ni za ndani ya ushirikiano kwahiyo hazihusiki. Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019, na zote zinasimamia usafirishaji wa taarifa nje ya nchi. Kibali cha maadili peke yake hakitoshi, leteni na makubaliano ya kushirikishana data kabla hatujafungua folda ya pamoja. Na chmod 777 (amri inayomruhusu kila mtu kusoma na kubadilisha) kwenye folda ya wagonjwa, jamani, hapana.

La mwisho ni matengenezo ya kila robo mwaka. Jobu uliyoiombea siku saba haitaanza kama siku ya matengenezo imebaki siku tano, Slurm (programu inayopanga foleni ya jobu) inaizuia na kuandika ReqNodeNotAvail (nodi iliyoombwa haipatikani), hiyo sio hitilafu wala hatujamzuia mtu. Punguza muda kwenye --time uendane na kazi yenyewe, itaingia. Na ukiandika tiketi weka namba ya jobu na ujumbe wa kosa kama maandishi, sio picha ya skrini iliyopigwa na simu.