Una homa 39 alafu unasikia baridi, inakuaje?

Swali: Nimepima joto limesoma 39 na bado natetemeka ndani ya blanketi, au kipimajoto kibovu?

Kizima kabisa. Iko hivi, kwenye ubongo kuna kasehemu kadogo kanaitwa haipothalamasi, ndo kanapanga mwili uwe na joto kiasi gani, siku zote ni kama 37. Vijidudu vikiingia kinga ya mwili inapeleka taarifa huko na ile namba inapandishwa, tuseme 39 na nusu, sasa wewe hujaifikia, kwahiyo kwa hesabu za ubongo una baridi, basi mishipa ya ngozi inabana, vidole vinapoa, vinyweleo vinasimama, misuli inatetemeka ili itoe joto. Ukimeza dawa ya homa namba inashuka, hapo ndo unatupa blanketi na shuka lote linalowa jasho. Ila dawa inashusha joto tu, chanzo bado kipo, kapime. Na mtoto wa chini ya miezi 3 akifika 38 usisubiri, mpeleke hospitali hapohapo.

Swali: Jasho lenyewe linapoza vipi?

Likikauka, maana linaondoka na joto la ngozi. Likichuruzika tu hadi chini halijakusaidia kitu, ndo maana hewa ikiwa na unyevu mwingi unalowa na joto liko palepale.

Swali: Na sukari ya kwenye damu je, mbona nikilala usiku kucha bila kula haiishi?

Damu yako yote, kama lita 5, ina sukari ya kijiko kimoja cha chai hivi, kidogo mno yaani. Ukila, kongosho (kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula) linatoa homoni inaitwa insulini, sukari inaingia kwenye misuli na ini linaweka akiba, ukilala kongosho hilohilo linatoa homoni nyingine, glukagoni, na ini linaanza kuachia ile akiba kidogokidogo. Kisukari ni pale insulini haitoki au inatoka ila mwili hauisikii.

Swali: Kwanini kukiwa na baridi nakojoa kila saa?

Mishipa ya ngozi si imebana? Damu inarudi kujaa katikati ya mwili, presha inapanda kidogo, mwili unadhani maji yamezidi, figo zinaambiwa zitoe. Na figo hazina shida, kwa siku zinachuja kama lita 180 na karibu zote zinarudishwa kwenye damu, mkojo unatoka lita 1 au 2 tu.