Roketi Ilianguka Baharini, Gari Liko Barabarani

Jumapili iliyopita hata chai ilikuwa haijamiminwa shemeji yangu aliponianza. Anaishi Bahati, hapa nje kidogo ya Nakuru, na juu ya mabati yake kuna kile kisahani cheupe cha Starlink, cha kupokea intaneti ya setilaiti. Tangu kifungwe, nyumba ile ina nabii mmoja tu: Elon Musk, mwenye kampuni hiyo.

"Injinia, wewe ni mtu wa mitambo. Sema ukweli, huyu si kichwa?"

Binti yake, anayesomea sheria, akadakia: "Kichwa gani, baba? Huyo ni mcheza kamari. Tofauti yake na vijana wa steji ni kwamba beti yake iliingia."

Wote wawili wakanigeukia.

Mimi nachimba visima vya mvuke wa kuzalisha umeme, na kazini kwetu ubishi huu hauishi. Kisima kimoja hushuka kilomita mbili hadi tatu, kinakula mamilioni ya dola, na kabla hujafika chini hujui kwa hakika utakuta nini. Visima viwili vya kwanza vya Olkaria, miaka ya 1950, havikutoa kitu cha maana. Umeme wa kwanza ulipatikana mwaka 1981, megawati 15. Katikati ya hapo, mtu aliyewaita wale wachimbaji wapoteza pesa hakuwa mjinga hata kidogo.

Mimi mwenyewe nimeshaitwa mzembe, na kwa haki. Kule Menengai, volkeno ya hapa Nakuru, kuna visima kadhaa vilivyogusa mwamba ulioyeyuka kwenye kina cha kilomita mbili hivi. Dalili yake huiona mkononi: unachota vipande vya mawe kwenye chujio, unavisuuza, na badala ya kijivu cha kawaida vinang'aa kama chupa ya soda iliyopondwa. Ni kioo: mwamba ulioyeyuka ukapozwa ghafla. Nilikuwa kijana, kwenye kisima ambacho sitasema kilikuwa wapi, nikaona vipande vya namna hiyo viwili vitatu na matope tunayosukuma kisimani wakati wa kuchimba yameanza kupotea chini bila kurudi. Nikasema tuendelee mita chache. Bomba likakwama. Tulivuta siku nne, mwishowe tukalikata, na lile lililobaki limelala huko hadi leo. Hakuna aliyeumia, kwa sababu msimamizi, mzee wa watu, alikuwa amewatoa vijana wote jukwaani kabla sijafungua mdomo. Mimi nilicheza na chuma. Yeye alihakikisha sichezi na watu.

Ndiyo maana hesabu yangu na Musk huanzia kisiwani Omelek, kule Visiwa vya Marshall, kampuni yake ya SpaceX ilikorushia roketi ya Falcon 1. Machi 2006 iliruka kwa takriban nusu dakika ikaanguka: nati ya alumini ilikuwa imeliwa na hewa ya chumvi, mafuta yakavuja, moto ukashika. Machi 2007 ilifika mbali zaidi, lakini mafuta yalichezacheza ndani ya tangi la hatua ya pili, yaani sehemu ya juu ya roketi, hadi roketi ikashindwa kujisawazisha. Agosti 2008 hatua ya kwanza ilipojitenga, injini yake ilikuwa bado ina msukumo kidogo, ikaigonga ya pili kwa nyuma. Dawa yake ilikuwa kungoja sekunde chache zaidi kabla ya kuachana. Walibadilisha hiyo namba ya sekunde, na Septemba 28 mwaka uleule ya nne ikafika kwenye obiti.

Mtu wa gazeti huona hapo ukaidi uliolipa. Mimi naona mara tatu, sababu tatu tofauti. Kwenye rigi, mtambo wetu wa kuchimbia, mtu akikwama mara mbili kwa kosa lilelile namwondoa. Akikwama mara tatu kwa makosa matatu mapya, na kila moja amelieleza hadi kwenye nati, huyo nampa kisima cha nne. Kisha ndani ya roketi hakukuwa na mtu, na chini yake kulikuwa na bahari. (Bahati nayo ilikuwepo. NASA ilimpa mkataba wa dola bilioni 1.6 Desemba hiyohiyo, pesa zikiwa zimekaribia kwisha. Shemeji hapendi nikitaja sehemu hii.)

Starship, roketi kubwa ya kampuni hiyohiyo, iliyorushwa Aprili 20, 2023, ni habari nyingine kidogo. Musk alikuwa ameandika mwenyewe mwaka 2020 kwamba anatamani kurusha bila mfereji wa kuelekeza moto, na kwamba huenda likawa kosa. Likawa kosa. Injini zake zikachimbua zege la uwanja, mapande yakaruka, mchanga ukanyesha juu ya mji wa Port Isabel. Hakuna aliyeumia. Kilichonitisha mimi ni kwamba chombo kilipopotea njia, mfumo wa kukilipua ulichelewa kuliko ulivyopangwa. Hiyo ndiyo vali yetu ya kufunga kisima. Hiyo haijaribiwi siku ya kazi.

Halafu kuna gari. Mwaka 2016 Musk aliahidi kwamba kufikia mwisho wa 2017 gari la kampuni yake ya Tesla litajiendesha lenyewe kutoka Los Angeles hadi New York. Haikutokea. Mei 2016, Florida, Tesla iliyokuwa ikiongozwa na mfumo wa Autopilot, yaani "rubani otomatiki", ilikuwa imeshapita chini ya trela la lori lililokuwa likikata barabara, bila kushika breki, na dereva akafa. Desemba 2023 magari zaidi ya milioni mbili Marekani yaliitwa kufanyiwa marekebisho ya programu, kwa sababu mfumo haukumbana dereva vya kutosha aendelee kutazama barabara. Kukipa jina la rubani kitu kinachohitaji rubani aliye macho, hapo mimi simwelewi. Yule wa kwenye lori hakuuliziwa kama anataka kuwa sehemu ya jaribio.

"Kwa hiyo kipimo ni nani anaumia," binti akasema. "Na yule wa nyambizi ya Titan? Stockton Rush, mkuu wa kampuni iliyoiunda, alikaa ndani mwenyewe."

Alinishika. Juni 2023 chombo kile cha nyuzi za kaboni kilipondeka kikielekea kwenye mabaki ya Titanic, wakafa watano, yeye akiwemo. Alikuwa ameonywa tangu 2018, na hakukipeleka kithibitishwe na wakaguzi wa vyombo vya majini. Kujiweka ndani hakumfanyi mtu kuwa mwangalifu. Huenda kunamfanya aaminiwe upesi mno na wale wanne wengine.

Nikatafuta mfano wa karibu. Nikasema: ni kama dereva wa lori anayeteremka Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru–Eldoret, akiwa ameweka gia nyutro, lori likishikwa na breki tu, ili aokoe dizeli. Naye yumo ndani. Atafika salama mara mia, na kila akifika anaonekana mjanja.

Shemeji aliendesha lori la Mombasa–Malaba miaka kumi na tisa. Akazungusha kikombe chake, akatazama nje kwenye kisahani.

"Ile dizeli," akasema, "tulikuwa tunaiuza pale pale Salgaa. Lita ishirini, wakati mwingine thelathini."

Binti yake akaweka kijiko chini.